Jengo la sanaa kando ya bustani: kabla ya ukuta wa kioo

*Swali: "Sisi ni ushirika wa wasanii katika mji mmoja wa pwani. Tumepata kiwanja cha mita 40 kwa 60. Upande mrefu wa mashariki uko barabarani, na upande mrefu wa magharibi unapakana na bustani ya manispaa yenye miarobaini mikubwa. Kati yetu na bustani kuna uzio wa nondo. Kaskazini kuna kichochoro kinachopitika kwa gari. Tunataka ukumbi wa maonyesho wa watu 200, karakana za ufinyanzi, uchoraji na ushonaji, chumba cha ngoma, mgahawa, fremu za maduka, na juu vyumba vya kupangisha ili jengo lijiendeshe. Mchora ramani wetu ametuletea picha nzuri sana, ukuta wote wa upande wa bustani ni kioo, ili jengo na bustani viwe kitu kimoja. Benki moja iko tayari kupanga karibu ghorofa yote ya chini. Baadhi ya wenzangu wanataka uzio ung'olewe, wengine wanasema tukiung'oa tutakaribisha vibaka na wavuta bangi. Tunaunganishaje jengo na bustani bila kujuta? Na ukumbi tuuweke wapi?"*

Ndugu yangu, hongereni. Kiwanja chenye barabara mbele, bustani nyuma na miti iliyokwisha kukua si kitu cha kuokota. Umeuliza maswali kadhaa kwa pamoja, lakini naona hofu iliyo chini yake ni moja: msije mkamaliza pesa yote, mkafungua jengo kwa shangwe, halafu baada ya mwaka mkakuta jengo limeipa bustani mgongo na watu wa bustanini hawajui hata kuna nini humo ndani. Hofu hiyo ni ya kweli, na ukuta wa kioo hautaiondoa.

Nianze na hicho kioo, maana ndicho kilichowateka. Imani kwamba kioo kinaunganisha ndani na nje inatoka kwenye picha za kompyuta, ambako jua ni la kuagiza na taa za ndani zinawaka kuliko mwanga wa nje. Mchana wa pwani mambo ni kinyume. Nje juani kunaweza kuwa na mwanga zaidi ya mara 100 ya ule ulio ndani ya chumba cha kawaida. Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaokipiga kwa mbele, na hiyo asilimia 8 ya mwanga wa nje bado ni nyingi kuliko mwanga wote unaotoka ndani. Kwa hiyo mtu aliyekaa bustanini saa nane mchana akitazama jengo lenu hatamwona mfinyanzi wala mshonaji. Ataona miarobaini, na akisogea ataona sura yake. Fundi wa aluminiamu atawashauri muweke kioo cha rangi au cha kung'aa ili kupunguza joto, na mkimsikiliza mtakuwa mmejenga kioo cha kujitazamia chenye urefu wa mita 60. Usiku hali inageuka: waliomo ndani wanaonekana kama wako jukwaani, na wao wakitazama nje wanaona giza.

Halafu kuna jua lenyewe. Bustani yenu iko magharibi, na magharibi ndiko upande mgumu kuliko yote kwa jengo la pwani. Jua la saa sita kwetu liko karibu na utosi, si tatizo kubwa. Kwenye latitudo ya Dar es Salaam, kwa mfano, jua la adhuhuri mwezi Juni liko nyuzi 60 hivi juu upande wa kaskazini, na Desemba liko nyuzi 73 hivi upande wa kusini. Upenu wa mita 1.7 unatosha kuutia kivuli ukuta wa mita 3 unaotazama kaskazini, na ule wa kusini unatosheka na mita 0.9. Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na nusu alasiri jua limeshuka hadi kama nyuzi 30 au chini ya hapo, na ili upenu uukinge ukuta uleule wa mita 3 lazima utokeze zaidi ya mita 5. Baada ya hapo linazidi kushuka na upenu wowote unashindwa. Sasa saa hiyo ya kumi na nusu ndiyo saa watu wanapotoka kazini na shuleni na kuanza kuingia bustanini. Yaani wakati jengo lenu linapopaswa kuwa wazi kuliko wakati wote, ndipo mtakapokuwa mmeshusha mapazia na kuwasha viyoyozi.

Basi kinachounganisha ni nini? Ni kivuli, mahali pa kukaa, na mlango ulio wazi, vyote kwenye ukanda mmoja mwembamba kati ya chumba na majani. Pale São Paulo, Brazil, bustani ya Ibirapuera iliyofunguliwa mwaka 1954 ina paa refu la zege alilobuni Oscar Niemeyer na wenzake. Paa hilo halina kuta. Linajipinda kutoka jengo moja la sanaa hadi jingine, na chini yake watu huendesha viatu vya magurudumu, hukimbia mvua, hukutana. Wengi wao hawana tiketi ya makumbusho yoyote siku hiyo. Lakini wamezoea kuwa pale, na mtu aliyezoea kibarazani siku moja ataingia ndani.

Ninyi hamhitaji paa la ukubwa huo. Mnahitaji baraza yenye kina cha mita 4, ndefu kadiri upande wa bustani unavyoruhusu. Nyumba za Mji Mkongwe na Lamu zina mabaraza ya mawe mbele ya mlango, na kila aliyewahi kukaa pale anajua kwamba hakuulizwa ananunua nini. Inueni sakafu ya jengo sentimita 45 kutoka usawa wa bustani. Kimo hicho kinafaa kwa kukalia, kwa hiyo ukingo wote wa baraza unakuwa kiti bila kununua benchi hata moja, na maji ya masika hayaingii karakanani. Kwa kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto na mikokoteni ya udongo, tengenezeni mteremko wa moja kwa kumi na mbili, yaani mita 5.4 za urefu kwa hizo sentimita 45. Mkiweza kufika mita 9, mteremko unakuwa mwepisi kiasi kwamba hakuna anayeuona kama njia ya pekee ya walemavu. Na uwe pale wanapopita watu wote, usifichwe pembeni karibu na mapipa.

Kulikinga jua la jioni, baraza peke yake haitoshi, kama hesabu ilivyoonyesha. Ongezeni mbao za wima au ukuta wa matofali ya matundu kwenye baadhi ya sehemu, na muiachie miarobaini kazi iliyobaki. Miti hiyo ina thamani kubwa kuliko kioo chote cha kwenye picha, nitairudia.

Sasa ukumbi. Tatizo la majengo ya sanaa ni kwamba vyumba vyake vikubwa ni masanduku. Ukumbi wa maonyesho hautaki dirisha, chumba cha kurekodia hakitaki dirisha, stoo ya mavazi haitaki dirisha. Mkivipanga kwa kufuata urahisi wa ujenzi, vitaangukia pembeni, na bustani itapata kuta tupu zenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 8. Jumba la sanaa la Kanazawa huko Japani, lililobuniwa na Kazuyo Sejima na Ryue Nishizawa na kufunguliwa mwaka 2004, lilikabili jambo hilohilo katikati ya uwanja wa majani. Wao walichora duara lenye kipenyo cha takriban mita 113, wakayakusanya masanduku ya maonyesho katikati kila moja na kimo chake, na ukingo wote wa nje wakauacha uwe sehemu ya kupita na kukaa bila tiketi. Kuna milango zaidi ya mmoja, kila mtu anaingia kwa upande aliotokea. Ukingo wao ni wa kioo kitupu, na hapo msiwaige, baridi yao si yetu. Mpangilio ndio wa kuiga: sanduku katikati, uhai pembeni.

Kwenye mita zenu 40 za kina inawezekana kabisa. Nikihesabu kutoka barabarani: acheni mita 6 za nafasi ya mpakani na njia ya waenda kwa miguu (halmashauri itawaambia kipimo kamili), kisha fremu za maduka zenye kina cha mita 6, kisha ukumbi wenye upana wa mita 14 na urefu wa mita 22 ukilala sambamba na barabara, kisha ushoroba wa mita 4 unaotumika pia kama sehemu ya kungojea onyesho, kisha karakana za mita 6, na mwisho baraza ya mita 4. Hiyo ni 40. Ukumbi unakuwa hauonekani upande wowote, maduka yanaupa uso wa barabara, karakana zinaupa uso wa bustani. Chumba cha ngoma kipandisheni juu, sakafu ya mbao inayonesa, madirisha ya kusini na kaskazini.

Karakana zipi zitazame bustani? Zile za kazi inayoeleweka kwa macho. Gurudumu la mfinyanzi, cherehani, meza ya uchongaji, fremu ya kuchapia vitenge. Milango iwe mipana ya kukunja, yenye mbao au matundu kwa chini, isiyo kioo kutoka sakafuni hadi darini. Mtoto akipita na mpira ataona udongo unapanda kwenye gurudumu, atasimama. Hapo ndipo jengo na bustani vimekutana, na haikugharimu zaidi ya bawaba nzuri. Ofisi ya mwenyekiti, chumba cha mikutano na stoo visikae upande huo hata kwa bahati mbaya. Mimi huviondoa kwenye ramani bila huruma.

Jambo moja ambalo picha zenu, kwa maelezo yako, hazina: njia ya kupita katikati ya jengo kutoka barabarani hadi bustanini. Iwekeni. Upana wa mita 5, wazi juu au yenye paa la juu sana, bila mlango wa kusukuma, geti tu la kufungwa usiku. Mtu anayetoka kituo cha daladala kwenda bustanini apite ndani ya jengo lenu kwa sababu ndiyo njia fupi. Dirisha la tiketi, ubao wa ratiba, kaunta ya mgahawa na mlango wa ukumbi vyote vielekee humo. Upepo pia utawashukuru: kaskazi na kusi vyote vina upande wa mashariki ndani yake, kwa hiyo upepo utaingia kwa barabarani, ujibane kwenye njia hiyo na kutokea bustanini karibu mwaka mzima. Jengo lenye njia ya namna hii halihitaji bango la kuwaambia watu "karibuni".

Nije kwenye mada ambayo hakuna anayependa kuizungumzia kwenye kikao cha wasanii. Jengo lenye barabara upande mmoja na bustani upande wa pili lina nyuso mbili na halina nyuma. Lakini nyuma lazima iwepo. Jenereta itakaa wapi? Mitungi ya gesi ya mgahawa? Mapipa? Gari la majitaka likija kunyonya shimo litasimama wapi, na bomba lake litapita mbele ya nani? Lori la kikundi cha maigizo likileta jukwaa na spika litashushia wapi? Tanuri la kuchomea vyungu litatoa moshi na joto upande upi? Mashine za nje za viyoyozi zitaning'inia ukuta gani? Msipolijibu hili sasa, fundi atalijibu siku ya mwisho, naye ataviweka vyote palepale pasipo na barabara, yaani bustanini. Nimeona zaidi ya jengo moja lililobuniwa kwa ajili ya mandhari, ambalo leo upande wa mandhari ndipo ilipo jenereta.

Ninyi mna bahati ya kichochoro. Tengeni pembe ya kaskazini, ua wa mita 8 kwa 12 wenye ukuta wa kimo cha mtu na zaidi, geti likifungukia kichochoroni. Vyote nilivyotaja viingie humo, na mlango mpana wa nyuma ya jukwaa ufungukie hapohapo. Mita za mraba 96 zinauma, najua, mngeweza kuzipangisha. Hizo ndizo zinazonunua uhuru wa mita 60 za upande wa pili.

Kuhusu benki, sitawaambia mkatae pesa. Kodi ya benki inaingia kwa wakati, na ushirika wa wasanii unahitaji kitu kinachoingia kwa wakati. Mnalopaswa kulijua ni nini mnauza. Tawi la benki linataka kuta nzito, milango michache, mlinzi mwenye silaha, kamera na vioo visivyoonyesha ndani. Linafunga alasiri, linafunga Jumamosi mchana, Jumapili halipo kabisa. Saa za bustani ni hizohizo ambazo benki imefunga. Mkiwapa ghorofa yote ya chini mtapata kodi nzuri na ukuta uliokufa jioni zote na wikiendi zote, na hakuna baraza itakayoufufua. Wapeni pembe ya barabarani, kusini-mashariki, eneo dogo kuliko waliloomba, mashine ya kutolea pesa ikitazama barabara. Wakikubali, vizuri. Wakisema wanataka yote au hawataki, hapo kikao kiamue kwa macho makavu: mnajenga jengo la sanaa lenye mpangaji, au jengo la benki lenye wasanii juu? Ushirika unaweza kuchagua la pili kwa nia njema kabisa, mradi ujue.

Mgahawa nao una mtego. Kila mtu atataka uchukue upande wote wa bustani. Upeni sehemu, karibu na ile njia ya kupita, na mkataba useme wazi kwamba meza zake hazivuki mstari fulani kwenye baraza. La sivyo, baada ya miezi michache baraza nzima ina viti vya plastiki vya mgahawa na anayekaa bila soda anatazamwa. Mikataba ya fremu iwe mifupi, miaka miwili au mitatu, na iandikwe saa za kufungua.

Vyumba vya kupangisha juu ya ukumbi ndiyo sehemu ya mpango wenu inayonitia wasiwasi kuliko zote, na sababu ni namna sauti inavyosafiri. Watu wengi wanafikiri sauti inapita hewani tu, kwa hiyo wanabandika sponji, mazulia au trei za mayai ukutani. Vitu hivyo vinapunguza mwangwi ndani ya chumba, mwimbaji anasikika safi zaidi, lakini jirani bado anasikia yote. Kinachozuia sauti kutoka ni uzito na utengano. Kuuzidisha uzito wa ukuta mara mbili kunapunguza sauti kwa desibeli 5 au 6, nafuu ya kueleweka lakini si ya ajabu. Na besi ya spika au mdundo wa ngoma haipiti hewani pekee, inaingia kwenye sakafu, inapanda kwenye nguzo, inasafiri ndani ya zege na kutokea chumbani kwa mpangaji wa ghorofa ya pili kama mtetemo kwenye kitanda. Hakuna zulia la kuzuia hilo. Dawa ni kutenganisha: ukumbi uwe na kuta na nguzo zake, jengo linalouzunguka lina zake, na kati yao nafasi tupu ya sentimita chache isiyo na zege wala nondo inayovuka. Inawezekana, ila ina gharama, na mwashi mmoja akiangusha zege ndani ya nafasi hiyo bila kulisafisha faida inapotea.

Kama hamna uwezo huo, badilisheni wapangaji badala ya kuta. Juu wekeni ofisi, shule ya muziki, studio za wachoraji, maktaba ndogo: watu wanaoondoka jioni onyesho linapoanza. Mkishikilia vyumba vya kulala, viwe ncha ya kusini, mbali na ukumbi, kwenye sehemu iliyojengwa kama jengo la pekee. Mpangaji aliyehamia kwa sababu anapenda sanaa bado ana haki ya kulala, na akianza kulalamika serikali ya mtaa itamsikiliza yeye kabla yenu.

Paa la ukumbi lisiwe la mabati matupu. Mvua ya masika ikipiga mabati, maigizo yanasimama. Wekeni slabu ya zege chini yake, hata kama sehemu nyingine zote ni mabati.

Uzio sasa. Wenzako wote wana haki kidogo. Uzio si wenu kuung'oa, bustani ni ya manispaa, na hata mkiruhusiwa, bustani nyingi zinafungwa usiku, na jengo lenu ndilo litakalokuwa tundu la kupitia. Wala uzio sio unaotenganisha. Ngome Kongwe ya Zanzibar ina ukuta mnene wa mawe, na kati yake na bustani ya Forodhani kuna barabara. Ukitazama ramani utasema hapa hakuna uhusiano. Lakini nenda jioni. Forodhani, iliyokarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, imejaa taa za wauza mishikaki, urojo na juisi ya miwa. Ndani ya Ngome kuna uwanja wa maonyesho wa wazi, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limepigiwa humo miaka mingi. Watu wanakula huku, wanavuka, wanasikiliza kule, wanarudi kula. Uhusiano wao ni wa saa: vyote viwili viko hai wakati mmoja.

Kwa hiyo msiung'oe uzio, utoboeni kwa kibali. Ombeni manispaa ikubali mageti mawili au matatu mapana yanayolingana na milango ya karakana na ile njia ya kupita, yafunguliwe na kufungwa kwa saa zilizoandikwa. Kuhusu vibaka, sitakudanganya kwamba hawatakuja. Watakuja wachache, na simu itaibiwa siku moja. Kinachowapunguza ni watu wenye shughuli wanaoonekana na kuona, taa za kimo cha chini zinazoangaza nyuso badala ya taa moja kali inayotengeneza vivuli vyeusi, na kutokuwa na vichaka vya kimo cha mtu kando ya ukuta. Ukuta tupu na giza ndivyo vinavyoita mnachokiogopa. Wavuta bangi wanapenda pasipotazamwa. Mama wanne wenye cherehani wanawatosha.

Na jambo dogo lisilopendeza kwenye picha: vyoo. Bustani nyingi za miji yetu hazina choo cha kueleweka, na ndiyo maana familia hukaa nusu saa na kuondoka. Wekeni vyoo vya umma vinavyoingilika kutoka ile njia ya kupita, na si kutoka ndani ya ukumbi, vyenye maji, taa, sehemu ya kubadilishia mtoto na mhudumu anayelipwa. Gharama yake ya kila mwezi ni ya kweli na lazima iingie kwenye bajeti. Mkizungumza na manispaa mkiwa mmekuja na vyoo mkononi, mtashangaa mazungumzo ya uzio yatakavyolainika.

Miti niliahidi kuirudia. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na inatambaa kupita kivuli cha matawi. Msingi mkichimba mita mbili kutoka kwenye shina, mti hautaanguka siku hiyo. Utanyauka polepole na kuwafia mwaka wa pili au wa tatu, mkiwa mmeshaufanya kuwa sehemu ya kinga ya jua. Pimeni kila shina na kivuli chake kabla ya ramani kuendelea, na nguzo za baraza zikae kwenye misingi midogo ya pekee badala ya mtaro mmoja mrefu. Maji ya paa nayo yana hesabu yake: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 2,000 likipigwa na mvua ya milimita 50 linakusanya lita 100,000. Mkiyaelekeza bustanini bila mpango, mmeichimba mifereji. Mkiyahifadhi kiasi kwenye matangi na kumwagilia miti hiyohiyo wakati wa kiangazi, mna kitu kingine cha kuiambia manispaa.

Kabla ya kulipa awamu nyingine kwa mchora ramani, fanyeni jaribio lisilo na gharama kubwa. Jumamosi kadhaa, kwa kibali cha manispaa, fungeni turubai kwenye mpaka wa bustani, wekeni gurudumu la mfinyanzi, cherehani, mabenchi. Andikeni nani anakuja, saa ngapi, anakaa wapi, jua linamfukuza saa ngapi. Wekeni alama za chokaa pale mnapodhani mageti yatakuwa, na mtazame watu wanapita wapi hasa.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayawezi kuwafanyia, na hapo tafuteni mtu wa kuja kiwanjani. Jengo lenye ukumbi wa watu 200 na ghorofa juu si la mchora ramani peke yake. Kama mko Tanzania, mwajirini mbunifu majengo aliyesajiliwa, na usajili wake mwaweza kuuhakiki kwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mhandisi wa miundo apime udongo kwanza: pwani unaweza kuwa na mawe ya matumbawe kona moja na mchanga mlaini kona nyingine, na msingi haukisiwi. Mtaalamu wa sauti mwiteni kabla nguzo hazijapangwa, akija baadaye atauza sponji tu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liione ramani mapema, hasa njia za kutokea ukumbini na umbali wa tanuri na mitungi ya gesi.

Na mwanasheria, kabla ya wote hao, aziangalie karatasi zenu mbili. Ya kwanza ni matumizi ya kiwanja yaliyoandikwa kwenye hati, maana kuchanganya maduka, ukumbi na makazi kunaweza kuhitaji kibali cha kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ya pili bado hamna: makubaliano ya maandishi na manispaa kuhusu mageti, saa, taa, usafi na haki ya kupita, yanayobaki hata mkurugenzi akihamishwa. Bila hiyo ya pili, mtu anaweza kuweka maegesho au vibanda mbele ya baraza yenu na msiwe na la kusema. Msichimbe msingi kabla haijasainiwa.